Paul Mauser: Fundi wa Bunduki Isiyokuwa na Kwao

Mwezi uliopita ilinifikia habari ya msiba huko Jasini, ng'ambo ya mpaka, nami nikapanda basi kwenda kuzika. Sisi watu wa Vanga tuna jamaa upande ule kama tulivyo nao upande huu. Mpaka ulipochorwa na Waingereza na Wadachi zaidi ya karne moja iliyopita, ulipita katikati yetu kama kamba ya kuanikia nguo iliyotandwa kwenye ua wa nyumba moja.

Pale Lunga Lunga tulisimama kwenye foleni tukingoja kugongewa vyeti. Kijana aliyekuwa mbele yangu alimtazama askari mmoja kando ya njia, aliyebeba begani ile bunduki ya G3 ambayo Wakenya tumeizoea, kisha akanigeukia kwa adabu na kuniuliza bunduki hizi hutengenezwa wapi. Nikamjibu kwamba asili yake ni kwa Wadachi. Foleni ikasonga, kila mtu akashika njia yake.

Lakini jibu lile lilinikera mpaka makaburini, kwa sababu nililitoa kama mtu anayefukuza nzi. Bunduki ile asili yake ni mji mdogo uitwao Oberndorf, ukingoni mwa mto Neckar, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mji huo ulipata jina duniani kwa sababu ya mtu mmoja, Paul Mauser, ambaye alifariki zamani lakini kazi ya mikono yake iliingia karibu kila nchi, na pwani yetu haikusalimika. Leo nataka kumweleza kijana yule, popote alipo, habari za mtu huyo kwa utulivu ambao foleni haikuniruhusu.

Paul Mauser alizaliwa Oberndorf tarehe 27 Juni mwaka 1838, katika Ufalme wa Württemberg. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja bali falme na tawala nyingi zilizopakana. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto 13. Baba yao, Franz Andreas, alikuwa fundi katika karakana ya kifalme ya bunduki, iliyokuwa ndani ya jengo lililowahi kuwa makao ya watawa. Mahali palipokuwa pa sala na kufunga, pakawa pa tupa na nyundo. Watoto wa kiume wa mzee huyo walifuata kazi ya baba yao, na Paul akaingia karakanani angali kijana mdogo.

Mwaka 1859 aliitwa jeshini, akapelekwa kwenye ghala la mizinga huko Ludwigsburg. Katika enzi hizo Waprusi walikuwa na bunduki iliyoitwa ya sindano, kazi ya fundi Dreyse. Kwa wale waliozoea gobori la kushindilia baruti mdomoni, hiyo ilikuwa ajabu, maana ilijazwa kwa nyuma na kufungwa kwa komeo la chuma kama la mlango. Sindano ndefu ilitoboa karatasi ya risasi na kuifikia fataki ndani. Lakini ilikuwa na kasoro zake. Sindano ilivunjika, moshi wa moto ulivuja nyuma ukamchoma mpigaji usoni, na kabla ya kila risasi askari alihitaji kuitega kwa mkono wake.

Kijana Mauser aliporudi kwao alianza kulishughulikia komeo lile baada ya saa za kazi, pamoja na kaka yake Wilhelm aliyemzidi miaka minne. Wakagawana kazi kama ndugu wa pwani wagawanavyo jahazi, mmoja akawa fundi na mwingine nahodha wa biashara. Paul aliketi mezani na vyuma vyake. Wilhelm alivaa koti akaenda kubisha milango ya wakubwa.

Alichovumbua Paul, ukikieleza, huonekana kitu kidogo. Alilifanya komeo lijitege lenyewe mkono unapolizungusha, na akaweka kijino cha kulivuta nje ganda tupu la shaba. Ikawa askari ana kazi moja tu ya kuinua mkono wa komeo, kuvuta, kusukuma na kulaza, naye yu tayari kupiga tena. Aliyewahi kuona fundi wetu wa jahazi akibadilisha mahali pa msumari mmoja na chombo kikabadilika tabia baharini, atanielewa.

Kwao hapakuwa na mnunuzi. Ufalme wa Württemberg uliwakatalia, na wengine vilevile. Akatokea Mmarekani mmoja, Samuel Norris, wakala wa kampuni ya Remington, akawachukua ndugu hao hadi Liège nchini Ubelgiji mwaka 1867, na mwaka uliofuata hataza ikaandikishwa Marekani. Mapatano hayo hayakudumu, na ndugu wale wakarudi Oberndorf mikono mitupu. Kisha vikaja vita vya mwaka 1870 na 1871 baina ya Waprusi na Wafaransa. Waprusi walishinda, lakini walijionea wenyewe kwamba bunduki ya Wafaransa ilipiga mbali kuliko yao. Dola mpya ya Ujerumani ilipozaliwa mwaka 1871, ilizaliwa pamoja na bunduki mpya, nayo ni ya Mauser, ikabandikwa jina la mwaka ule ule.

Mwaka 1874 ndugu hao, kwa msaada wa benki, waliinunua ile karakana ya kifalme ambamo baba yao alikuwa kibarua. Nadhani hakuna siku iliyowapa furaha zaidi. Lakini dunia haimpi mtu mkono wa kulia bila ya kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto. Wilhelm, aliyekuwa akizunguka miji mikuu kutafuta wateja, alidhoofika akafariki Januari mwaka 1882, hata miaka 50 hakuifikisha. Miaka miwili baadaye kiwanda kikafanywa kampuni ya hisa. Mwaka 1887 hisa nyingi zikauzwa kwa kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin, na Paul Mauser akabaki kuwa mkuu wa ufundi katika kiwanda kilichobeba jina lake, huku wenye nguvu ya mwisho wakiwa wengine. Jambo hili msomaji alishike, kwa maana ndilo linalofungua kisa chote. Mtu huyu aliziunda bunduki, lakini hazikuwa zake kiasi cha kuziamrisha ziende wapi.

Na zilikwenda. Mwaka huo huo wa 1887 Dola ya Uthmaniya iliagiza bunduki 500,000 na karabini 50,000. Maofisa wa Kituruki walikuja kukaa Oberndorf kukagua kila kipande, na mji ule wa makanisa ukazoea kuona vilemba vyekundu vya tarbushi mitaani. Mwaka 1889 Wabelgiji waliichagua bunduki ya Mauser, wakaanzisha kiwanda kizima huko Herstal, karibu na Liège, kwa ajili ya kuitengeneza. Kiwanda hicho ndicho FN. Wahispania wakaichukua mwaka 1893, na mwaka 1898 Wamarekani walionja makali yake kule Cuba. Yaliwaingia sana, hata bunduki yao mpya ya mwaka 1903 ikaiga ya Mauser, wakalazimika kulipa ada ya hataza. Makaburu wa Afrika Kusini waliinunua kwa maelfu, wakawatesa nayo Waingereza kuanzia mwaka 1899.

Huku kwetu ilitangulia kufika. Abushiri bin Salim na wenziwe walipowapinga Wadachi mwaka 1888, Wissmann aliletwa na jeshi la kukodi, na silaha ya askari wake ilikuwa bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Walipoinuka watu wa kusini mwa Tanganyika katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, wakiamini kwamba maji ya mganga yatageuza risasi kuwa maji, risasi hizo zilitoka katika mitutu ya ukoo huo huo. Sijui kama katika maisha yake Paul Mauser aliwahi kulisikia jina la Pangani. Lakini Pangani ilimjua.

Kazi yake iliyo bora kupita zote ni ile ya mwaka 1898. Ilikuwa na urefu wa sentimita 125, ikashika risasi tano zilizoshindiliwa kwa mpigo mmoja kutoka katika kibati chembamba. Komeo lake lilikuwa na meno mawili ya kulikamata mbele, na Mauser akaongeza la tatu nyuma, ili yale mawili yakivunjika hilo limwokoe mtu. Akatoboa vitundu vya kuutoa moto pembeni endapo ganda litapasuka, ili usimrukie mpigaji machoni. Mafundi wa bunduki wanaijadili kazi hiyo hadi leo, na nyingi ya bunduki za kuwindia zinazouzwa duniani zimefuata mtindo wake.

Hapo ndipo mimi hukumbuka darasa la utotoni. Chuoni, mwalimu wetu alitusomesha kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daudi chuma, kikawa mkononi mwake kama unga uliokandwa, naye akakitumia kufuma deraya, vazi la kumkinga mtu na upanga. Tulikuwa watoto, tulipenda ile ajabu ya chuma laini, na maana yake haikutuingia. Sasa naiona. Mauser naye alilainishiwa chuma kwa namna yake, na kila kijino na kila kitundu alichokiongeza kilimkinga mtu. Ila aliyekingwa alikuwa ni yule aliyeshika kitako. Aliyekuwa mbele ya mtutu hakuwekewa chochote.

Wala fundi mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1901, katika kujaribu bunduki iliyokusudiwa kujijaza yenyewe bila ya mkono, chuma kilimgeuka, na jicho lake moja likapotea. Hakuacha kazi. Kwa miaka kadhaa, tangu mwaka 1898 hadi 1903, alikuwa pia mbunge katika Bunge la Ujerumani, na mwaka 1912 mfalme wa Württemberg alimpa heshima ya ukabaila. Akafariki mjini kwake Oberndorf tarehe 29 Mei mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 75.

Itazame tarehe hiyo. Miezi miwili tu baadaye Ulaya ilishika moto. Majeshi ya Ujerumani yalipoingia Ubelgiji mwezi wa Agosti, yalikuwa na bunduki za Mauser, na Wabelgiji waliowazuia njiani huko Liège walikuwa na bunduki za Mauser pia. Waserbia walikuwa nazo. Waturuki walikuwa nazo. Hapa jirani, katika vita vya Tanga mwezi wa Novemba mwaka 1914, askari wengi wa Wadachi walikuwa bado na zile za kale za mwaka 1871, zenye baruti nyeusi iliyotoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Januari iliyofuata walipigana na Waingereza hapo hapo Jasini nilipokwenda kuzika. Mwezi wa Aprili meli iliyotumwa kisiri kutoka Ujerumani ilijitosa katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na bunduki za mwaka 1898 na risasi zilizoingia maji. Watu waliziokoa, wakazifungua na kuzikausha moja moja, vita vikaendelea. Mwenye jina alikuwa kaburini, hana habari.

Wadachi waliposhindwa, kiwanda cha Oberndorf kilikatazwa kuunda silaha za vita, kikageukia mashine za kushona, mashine za hesabu na vyombo vya kupimia. Lau hadithi ingeishia hapo, ningemaliza makala kwa kumshukuru Mungu. Lakini mwaka 1935, chini ya utawala wa Hitler, ile bunduki ya mwaka 1898 ilifupishwa hadi sentimita 111, ikaitwa karabini 98k. Kufikia mwaka 1945 zilikuwa zimeundwa kiasi cha milioni 14 katika viwanda mbalimbali. Oberndorf kwenyewe, maelfu ya watu kutoka nchi zilizotekwa walilazimishwa kufanya kazi kiwandani. Wafaransa waliuteka mji huo Aprili mwaka 1945, wakaendelea kwa muda kuunganisha karabini kwa ajili ya jeshi lao wenyewe, kisha wakakibomoa kiwanda.

Bunduki zilizobaki zilikuwa kama ndugu za marehemu asiyeacha wasia, kila mtu akachukua aliyemkuta. Wanorwe walizichukua. Warusi walijaza maghala, nyingine zikafika Vietnam. Mwaka 1948 Waisraeli walizinunua kutoka Czechoslovakia, na bunduki zilizogongwa mhuri wa watu waliotaka kuwamaliza Mayahudi zikagongwa nyota ya Daudi.

Lakini kisa kilichonishika zaidi ni cha Wajerumani wenyewe, nacho ndicho nilichokikumbuka pale mpakani. Baada ya vita nchi yao iligawanywa, na kutoka Bahari ya Baltiki hadi mpaka wa Czechoslovakia ulipita mstari wa kilomita 1,393. Upande wa magharibi hapakuwa na jeshi mpaka mwaka 1955, kwa hiyo mwezi wa Machi mwaka 1951 iliundwa idara ya walinzi wa mpaka, Bundesgrenzschutz, yenye watu 10,000, na baada ya miaka miwili ikaruhusiwa kufikia 20,000. Upande wa mashariki polisi wa mpaka walikuwa wameanzishwa tangu mwaka 1946 chini ya Warusi. Pande zote mbili zilihitaji silaha kwa haraka, na zote mbili zikafungua ghala lile lile la masalio ya vita. Walinzi wa magharibi walipewa karabini 98k. Na katika miaka hiyo ya mwanzo, polisi wa mashariki walikuwa nazo vilevile.

Wazia hali hiyo, msomaji wangu. Liko kijiji liitwalo Mödlareuth, la watu wasiozidi hamsini au hivi, ambamo kijito chembamba kilikuwa ndio mpaka. Kusini ya kijito ni Bavaria, kaskazini ni Mashariki. Mwaka 1952 ukawekwa uzio wa mbao, na baadaye ukuta. Watu waliokuwa wakichota maji pamoja wakakatazwa hata kupungiana mikono. Na kando ya mstari ule kwa mamia ya kilomita walikuwa wakitembea vijana na watu wazima, wengi wao wakiwa wamelitumikia jeshi moja miaka sita au saba kabla, wakitazamana kwa darubini, lugha yao moja, na begani mwao bunduki ya babu mmoja. Tai na alama ya Hitler zilizogongwa juu ya chuma zilikuwa zikikwanguliwa kwa tupa au kupondwa kwa nyundo. Chuma chenyewe hakikuwa na haja ya kubadilishwa. Kiliyafuata makomeo ya mikono mipya kama kilivyoyafuata ya mikono ya zamani.

Katikati ya miaka ya 1950 walinzi wa magharibi walianza kupewa bunduki mpya za kisasa. Zilitoka wapi? Zilitoka FN, kile kiwanda cha Ubelgiji kilichoanzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kuunda za Mauser. Mwaka 1956 zaidi ya nusu ya walinzi hao walihamia jeshi jipya la nchi yao. Huko Oberndorf, mainjinia watatu waliokuwa wafanyakazi wa Mauser walikuwa wameanzisha kampuni yao mwaka 1949, Heckler & Koch, na kutoka hapo jeshi hilo likapata bunduki ya G3 mwaka 1959. Hiyo ndiyo iliyosafiri hadi Kenya na kutundikwa begani mwa askari wa Lunga Lunga. Mpaka wa Wajerumani uliondoka mwaka 1990, na idara ile ya walinzi ikabadilishwa jina mwaka 2005 kuwa polisi ya shirikisho. Karabini 98k hazijaondoka kabisa. Gwaride la heshima la jeshi la Ujerumani huzibeba hadi leo wageni wa nchi wanapopokewa, alama za zamani zikiwa zimefutwa.

Sikuandika haya ili kumlaani Paul Mauser. Alikuwa mtoto wa kumi na tatu wa kibarua, akafanya kazi kwa bidii ambayo wengi wetu hatuna, akampoteza kaka na jicho, na kwa yote niliyoyasoma alikuwa mtu wa mji wake na wa kazi yake. Lakini kila fundi humpa mtoto wa mikono yake kitu kimoja asichoweza kukirudisha, nacho ni uhuru wa kwenda. Mtunga shairi huona wimbo wake ukiimbwa harusini na asiowajua. Mtengeneza jahazi huona chombo chake kikibeba tende leo na magendo kesho. Mauser aliunda kitu kilichokuwa tayari kumtumikia Mturuki na Mserbia, Mjerumani wa mashariki na Mjerumani wa magharibi, kwa utiifu ule ule. Utiifu wa namna hiyo, katika mtu tungeuita unafiki. Katika chuma tunauita ubora.

Jioni ile baada ya maziko nilirudi kwa njia niliyojia. Askari walikuwa wamebadilishana zamu. Upande wa Horohoro alisimama kijana mmoja na bunduki yake, na upande wetu alisimama mwingine na yake. Wakasalimiana kwa Kiswahili, mmoja akamuuliza mwenziwe hali ya mama yake aliyekuwa mgonjwa, naye akajibu kwamba alhamdulillahi, ameanza kula. Nikagongewa cheti changu, nikapita.